Rangi ya Taa ya Mzamiaji wa Usiku
Wazamiaji, manahodha na waongozaji wa wageni wanaarifiwa kwamba rangi ya taa ndogo ifungwayo shingoni mwa mtungi wa hewa si pambo. Maji hunyonya wekundu kwanza. Baada ya mita chache taa nyekundu hufifia, na mzamiaji akampotea mwenzake. Kijani hufika mbali zaidi katika maji ya pwani yenye chembechembe, nayo inakaribiana na rangi ambayo jicho la mwanadamu huipokea vyema gizani. Buluu yafaa maji maangavu. Nyeupe huchanganyika na tochi za wazamiaji wenyewe na, juu ya maji, na taa za wavuvi wa dagaa.

Lakini juu ya maji, kijani ni taa ya ubavu wa kulia wa chombo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinakitaka chombo chenye wazamiaji kionyeshe usiku taa tatu wima, nyekundu, nyeupe na nyekundu, zionekanazo pande zote. Taa ya kumetameta ihifadhiwe kwa dharura. Ikiwashwa wakati wote, aliye chomboni hatatambua ni lini mzamiaji anaomba kuokolewa.