Je, Wajua? Stempu, Hela na Tope la Rufiji

Je, wajua kwamba kila unapomwambia mtu "sina hela" unaitaja sarafu ya Kaisari wa Ujerumani? Hela ni Heller. Kabla yake watu wa pwani walihesabu kwa rupia na pesa, majina yote mawili yakiwa yametoka Bara Hindi, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Jaribu kugawanya 64 kwa tatu ukiwa na mteja mbele yako, utaelewa kwa nini Wajerumani waliigawa upya rupia iwe hela 100. Serikali yao iling'oka, sarafu zao zikaacha kupokelewa dukani, lakini hadi leo sokoni Kibiti anayeuliza bei ya samaki anazitaja zote mbili, pesa na hela, wala hajui kwamba zamani moja ilikuja kuifukuza nyingine.

Sarafu hizo, na vipande vya karatasi vilivyokwenda nazo, leo zinatafutwa na watu wanaoishi mbali sana na mikoko ya Rufiji. Wamarekani wana ugonjwa wao wa kukusanya kadi za wachezaji wa besiboli, picha ndogo zilizowekwa kwanza kwenye pakiti za sigara na baadaye kwenye pipi za kutafuna. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyotolewa mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Sisi hatuna besiboli. Tuna vita ya delta ya Rufiji, kati ya Wajerumani na Waingereza.

Je, wajua kwamba baadhi ya stempu adimu za Afrika Mashariki zilitengenezwa ng'ambo ya Nyamisati? Ukisimama pale bandarini ukisubiri boti ya Mafia, unatazama maji yaleyale yaliyozaa mkasa wake. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale bandarini Unguja, kisha ikakimbilia ndani ya delta na kujibanza kwenye mikono ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, ila kuijua ilipo na kuifikia ni mambo mawili tofauti. Meli zao kubwa zilihitaji maji marefu, na delta ina maji mafupi, matope na mikoko inayoficha kila kitu. Walihitaji mahali pa kuweka ndege za kuichungulia kutoka juu. Januari 1915 wakateremka Mafia na kukiteka kisiwa.

Kisiwa kikishatekwa, watu wanataka kuandika barua. Stempu za Kiingereza hazikuwepo, zilizokuwepo ni za Kijerumani walizozikamata. Basi wakachukua muhuri wa mkono na kugonga juu yake maneno "G.R. Mafia", yaani Mfalme George, Mafia. Hapo ndipo panaponichekesha. Picha iliyokuwa kwenye stempu hizo ni ya Hohenzollern, meli ya fahari ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Mfalme George wa Tano na Kaisari Wilhelm walikuwa mabinamu wa damu. Kwa hiyo katika kisiwa cha minazi na uvuvi, karani mmoja kwa kugonga muhuri alimpa binamu mmoja meli ya mwenzake.

Baadaye mwaka huohuo zikagongwa nyingine za senti 6. Stempu za Kijerumani zilipopungua, wakahamia kwenye stempu za ushuru, halafu kwenye stempu za India zilizoletwa na jeshi la Kihindi. Wino ulikuwa mweusi, au wa zambarau, kwa kadiri ya kidau kilichokuwa mezani. Zilikuwa chache tangu siku ya kwanza, na leo baadhi yake huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Muhuri wa mkono una balaa yake: hata wewe unaweza kuuchonga. Stempu ya kawaida ya Kijerumani yenye picha ya meli ile haina bei kubwa, na tapeli mwenye kipande cha mpira na kidau cha wino anaweza kuigeuza kuwa "Mafia" kwa dakika moja. Bandia ni nyingi mno, kiasi kwamba mkusanyaji mwenye akili hanunui kabla wataalamu hawajaikagua na kutoa cheti. Na akipata bahasha nzima iliyosafiri kweli, yenye anwani, tarehe na muhuri wa posta uliopita juu ya stempu mpaka kwenye karatasi, huithamini kuliko stempu iliyobanduliwa. Bahasha ni ushahidi. Stempu peke yake ni maneno ya mtu.

Na manowari yenyewe? Julai 1915 Waingereza waliingiza ndani ya delta meli mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo zilikwishajengwa kwa ajili ya mito. Zilishambulia tarehe 6 zikashindwa, zikarudi tarehe 11, ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga mahali makombora yanapoanguka. Nahodha Max Looff akaamuru Königsberg ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikavutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam na kutiwa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja umetulia leo ndani ya Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mkusanyaji wa vitu vya uzito huo anahitaji nchi, si kabati.

Je, wajua kwamba ipo stempu iliyozikwa kama maiti? Mwanzoni mwa 1916 koloni lilikuwa limezingirwa baharini na stempu zilikuwa zinaisha. Wakuu wa posta wakaomba msaada kwa wamisionari wa Vuga, kule Usambara, waliokuwa na mtambo wa uchapaji. Wakachapa stempu za hela mbili na nusu, hela saba na nusu, na rupia moja. Wakati huohuo, Machi 1916, meli ya Marie ikapenya vizuizi vya Waingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na silaha na pia stempu rasmi kutoka Ujerumani. Kazi ya Vuga ikawa haina haja tena. Adui alipokaribia, zikafukiwa ardhini upande wa Morogoro ili asizipate. Zilifukuliwa mwaka 1921. Nyingi zilikuwa zimelika kwa unyevu na kugandana, na zilizosalimika zikapelekwa Ujerumani zikauzwa kwa wakusanyaji.

Wenye kadi za besiboli wana kisa kinachofanana na hicho. Kampuni ya Topps ilibakiwa na makasha ya kadi za 1952 ambazo watoto hawakuzinunua. Mwaka 1960 zikapakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Ile ya Mantle ilikuwa katika toleo hilohilo.

Je, wajua kwamba Tabora ilipata kufua sarafu za dhahabu? Mwaka 1916, katika karakana ya reli, zilifuliwa sarafu za rupia 15 zisizozidi 16,200 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba. Zina tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Karakana hiyohiyo ilitoa hela 20 na hela 5 za shaba, na sehemu ya shaba ilitokana na maganda ya risasi za mizinga. Ukiitia mkononi hela 20 ya Tabora utaona haikutulia: mara maandishi yamekwenda upande, mara ukingo umepinda. Mimi naipenda kuliko ile ya dhahabu. Ya dhahabu ilifuliwa ili ivutie. Hii ilifuliwa ili mtu anunue unga.

Karatasi ziliteseka zaidi. Kuanzia 1915 noti zilichapwa humuhumu nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na mwaka 1917, jeshi likirudi nyuma kuelekea kusini, noti za porini zilipigwa kwa herufi za mpira, kama zile wanazochezea watoto. Hata hivyo zilikuwa na sahihi, tena za wino. Mjerumani hata akiwa amekimbilia porini hatoi rupia moja bila sahihi.

Jambo moja la tahadhari kabla hujamtolea macho mzee wa jirani. Nchi hii imejaa watu wanaotembeza "rupia" iliyofungwa kitambaani, pamoja na hadithi ya mali aliyoificha Mjerumani chini ya mbuyu na mzungu anayeisubiri Dar es Salaam akiwa na mamilioni. Mzungu huyo hajafika hata siku moja. Anayefika ni mtu anayeomba nauli. Rupia za fedha za Wajerumani zilifuliwa kwa wingi, na nyingi bei yake ni ya kawaida. Zenye bei kubwa ni za mwaka fulani, wa karakana fulani, zisizochakaa, na aliye nayo ya namna hiyo hatembei nayo kwenye daladala.

Lakini vibweta vya bibi zetu havisemi uongo. Toka Ikwiriri mpaka Mohoro, ambako Wajerumani walikuwa na boma na posta, si ajabu kukuta hela yenye tundu katikati iliyotungwa kwenye uzi pamoja na shanga, kwa sababu sarafu za hela 10 za tangu 1908 na za hela 5 za tangu 1913 zilitobolewa makusudi, na mtoto hakosi shingo. Ukiikuta, usiisugue kwa limau na majivu. Itang'aa, na mkusanyaji atakurudishia: ule weusi uliokaa juu yake miaka mia ndio alioufuata.