Kemu mpya na alama ya zamani: kweli au si kweli?

Barabara inayotoka Tabora kwenda Urambo na Kaliua hufuata mwelekeo ule ule wa misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na ushei. Siku hizi pikipiki ya 150 inabebeshwa magunia ya mkaa na dereva juu yake, na ukiacha lami ni mchanga mtupu. Si ajabu vijana wanatafuta injini yenye moto zaidi, na dawa wanayosifiwa ni kemu kubwa, yaani kemshafti yenye nundu zinazoinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Kemu yenyewe inaweza kuwa nzuri kabisa. Kinachoiponza ni maneno yanayozunguka gereji siku ya kuifunga.

“Alama zikilingana, taiming imekaa.”

Si kweli, na hili ndilo linaloharibu injini nyingi zaidi. Alama ya sproketi inakuonyesha jino gani likae wapi, basi. Nundu imechongwa ikielekea wapi, alama haijui. Kati ya alama na nundu kuna pini, tundu la pini na mkono wa aliyechonga kemu, na kila kimoja kikikosea kidogo makosa hujumlishana.

Kemu ya kiwandani ikirudi kwenye injini yake, hedi haijachongwa na cheni ni nzima, alama zinatosha. Hapo anayezitegemea yuko sahihi. Kemu ya kuongeza nguvu haina dhamana hiyo. Iliyojazwa kwa kuchomelewa kisha ikachongwa upya ndiyo haina kabisa.

Hedi nayo ina lake. Ikiungua gasketi, fundi huchonga uso wa hedi ili unyooke. Kwenye injini yenye kemu juu, hedi ikishuka, kemu inasogea karibu na krenki. Tensheni inavuta cheni iliyolegea upande wa nyuma, na kemu inabaki imechelewa. Piga hesabu: sproketi ya meno 28 kwenye cheni yenye hatua ya milimita 6.35 ina nusu kipenyo cha milimita 28 hivi. Ukichonga nusu milimita, kemu inachelewa kama nyuzi 1, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kemu ikizunguka mara moja, kwenye krenki hizo ni nyuzi 2. Alama bado zitaonekana zimelingana. Jino moja zima la sproketi hiyo ni karibu nyuzi 26 za krenki, kwa hiyo usitegemee kosa la nyuzi 5 au 6 litajitokeza kwa kuruka jino. Litajificha hapo hapo katikati.

“Mafundi wa mbio hawana muda wa kuhesabu nyuzi.”

Si kweli. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya 1973 kwa Datsun 240Z. Injini za aina ile, hata za kwenye magari ya kawaida ya dukani, zilikuwa na sproketi ya kemu yenye matundu matatu. Cheni ikivutika na kemu ikachelewa, fundi alihamisha pini kwenda tundu linalofuata, na kila tundu lilirudisha kemu mbele kwa takribani nyuzi 4 za krenki. Kiwanda kilijua kwamba nyuzi 4 zinatosha kuonekana barabarani, kikaweka njia ya kuzirekebisha.

“Kemu kubwa inafidia hewa nyembamba ya Tabora.”

Kwa pikipiki ya mzigo, si kweli. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini inavuta hewa kidogo, inapoteza nguvu kidogo. Hapo hadithi ni ya kweli. Lakini kemu ya muda mrefu hufunga valvu ya kuingiza kwa kuchelewa: pistoni inakuwa imeshaanza kupanda, na injini ikiwa inazunguka polepole sehemu ya mchanganyiko inasukumwa kurudi kwenye kabureta. Kompresheni iliyokwisha kupungua kwa sababu ya mwinuko inapungua tena. Nguvu inayoongezeka iko juu, kwenye mizunguko ambayo mwenye magunia kwenye mchanga haifikii.

Sasa kemu hiyo hiyo ifungwe ikiwa imechelewa nyuzi 6 bila fundi kujua. Dereva atasema kemu ni feki, atabadilisha jeti za kabureta, atalaumu petroli. Kuiwahisha kidogo kungemrudishia mvuto wa chini, ila huwezi kuiwahisha kwa makusudi kama hujui imekaa wapi.

“Kupima taiming kunahitaji mashine ya kompyuta.”

Si kweli kabisa, na ningependa kila gereji ya mkoa huu iwe na vifaa hivi. Unahitaji sahani iliyogawanywa nyuzi 360 (karatasi iliyochapwa na kubandikwa kwenye bati inafaa), waya mgumu wa kuwa mshale, saa ya kupimia milimita, na kizuizi cha pistoni. Kizuizi unakitengeneza kwa plagi ya zamani: toa udongo wake mweupe, weka bolti yenye ncha ya mviringo.

Anza kwa kutafuta pistoni inapofika juu kabisa. Bisibisi kwenye tundu la plagi haikupi jibu, maana pale juu pistoni hukaa karibu bila kusogea huku krenki ikipita nyuzi kadhaa. Funga kizuizi, zungusha krenki kwa spana taratibu mpaka pistoni iguse, soma sahani. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Tuseme umepata 33 na 27. Sogeza mshale mpaka pande zote zisome 30, na sifuri ya sahani sasa ndiyo juu yenyewe. Ondoa kizuizi.

Hakikisha tensheni imekaza cheni. Ondoa nafasi ya tapeti, weka saa juu ya valvu ya kuingiza, kisha zungusha upande injini inaokwenda, usirudi nyuma. Andika valvu ikifika milimita 1 ya kufunguka, na ikibakiza milimita 1 kufunga. Mfano: nyuzi 10 kabla ya juu, na nyuzi 40 baada ya chini. Jumla ni 10 na 180 na 40, yaani 230. Nusu yake ni 115. Toa 10, kitovu cha nundu kiko nyuzi 105 baada ya juu. Linganisha na karatasi iliyokuja na kemu. Kama haina karatasi, angalau sasa una namba yako.

“Ikizunguka kwa mkono bila kugonga, iko salama.”

Nusu kweli. Kuizungusha kwa spana mizunguko miwili kamili ni lazima, na ikikwama usilazimishe. Lakini injini ikienda kasi, konrodi huvutika kidogo na springi za valvu huchelewa kurudi. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha, fungua, kata udongo na upime unene pale valvu ilipokandamiza. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni si chini ya milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutolea moshi. Anayeona ni woga awaulize wenye Land Cruiser za dizeli za 1HZ kwa nini taa ya T-BELT ikiwaka kwenye kilomita 100,000 hawaipuuzi: mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinakutana.

“Ukikuta imekosea, huna la kufanya.”

Si kweli kwa injini nyingi zenye kemu juu. Kama sproketi imefungwa kwa bolti mbili, matundu yake yanaweza kupanuliwa kidogo kwa tupa. Bolti ikiwa milimita 15 kutoka katikati, milimita 1 ni karibu nyuzi 7.6 za krenki, kwa hiyo ni kazi ya kulamba, si ya kukata. Injini za mtindo wa CG zenye fito za kusukuma roka ni ngumu zaidi: nundu moja inaendesha valvu zote mbili na gia imekandamizwa kwenye kemu yenyewe, kwa hiyo ukisogeza moja umesogeza zote, na iliyokosea kwa nyuzi nyingi irudishwe dukani. Ukishapanua matundu, paka gundi ya bolti, kaza, kisha rudia kupima tangu kwenye kizuizi cha pistoni, pamoja na udongo, kwa sababu kemu iliyowahishwa inaleta valvu ya kuingiza karibu zaidi na pistoni.