Kabla ya bei ya gari, uliza bei ya spea

Anayetaka gari la porini huanzia yadi: atapiga tairi teke, atasikiliza injini, ataulizia bei. Afadhali aanzie Mchikichini, wilayani Ilala. Watu wanaijua kwa mitumba ya Soko la Karume, lakini kutoka hapo hadi maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani ni mwendo wa miguu. Aende na namba ya chesisi na aina ya injini, aulizie klachi, pampu ya maji, boshi na shokapu. Duka baada ya duka likimwambia asubiri oda, atafute gari lingine.

Hapo ndipo Land Cruiser ya mfululizo wa 70, maarufu kama "mkonga", inapoyapiku mengine. Ilitoka mwaka 1984 na bado inaundwa. Injini yake ya 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta. Haina mbio, lakini fundi wa Liwale anaifungua kwa spana zake. Prado mpya za dizeli zinakwenda vizuri zaidi, ila noze zake hazivumilii mafuta machafu ya madumu.

Mwenye mfuko mwembamba aitazame Suzuki Jimny. Ni nyepesi, ina chesisi ya kweli na gia nzito ya transfa, ingawa mzigo haibebi mwingi. RAV4 inatosha kwa barabara ya vumbi. Gia nzito haina, na kwenye mlima wa mawe utaitafuta.

Mkonga wenyewe, yaani lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa gari, nao usikudanganye unapovuka maji. Mshono mmoja ukivuja, maji huingia kwenye silinda, na kwa kuwa hayashindiliki, konrodi hupinda.

Siku ya kukagua, ingia uvunguni. Tafuta kutu kwenye chesisi. Fungua difu: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Jaribu gia nzito kwenye mchanga au changarawe, si kwenye lami kavu, maana huko transfa hukaza.

Bajeti nayo isiishie kwenye gari. Tenga fedha za tairi, filta za dizeli, belti na hosi, ununue ukiwa mjini, ambako unaweza kulinganisha bei na kukataa spea feki. Ukishafika Liwale, utafunga utakachokikuta.