KOMBA WA MILIMANI NA MSITU WAKE

Ndugu mkulima, ukikaa nje usiku pale Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, huenda ukasikia mtini mlio kama wa mtoto mchanga. Wapo wanaosema ni uchawi. Si uchawi hata kidogo. Ni komba.

Komba ni jamaa ya kima na nyani, ila yeye hutoka usiku. Mchana hulala ndani ya pango la mti au kwenye kiota cha majani. Ukimmulika kwa tochi, macho yake makubwa hung'aa. Huruka mti hadi mti akitafuta wadudu, matunda na utomvu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huchanganya. Komba si wa aina moja. Huyo anayelia kama mtoto ni komba mkubwa, uzito wake karibu kilo moja, naye huweza kuishi karibu na watu, hata kwenye miembe. Lakini huko juu msituni yupo komba mwingine, mdogo mno, asiyefikia gramu 100. Anaenea kiganjani! Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kutokana na mnyama aliyepatikana Bagilo, huko huko Uluguru. Yupo pia katika misitu ya Usambara, Nguru na Udzungwa. Komba wadogo hufanana sana kwa sura, kwa hiyo wataalamu huwatambua kwa milio yao.

Huyu wa milimani hutegemea msitu wenye miti iliyoshikana matawi. Msitu ukifyekwa, hashuki Bigwa kukaa kwenye mwembe. Anakwisha.

Utauliza, "Komba atanifaa nini mimi?" Swali la haki. Msitu anaolala yeye ndio unaokutunzia maji. Mvua ikinyesha, majani yaliyooza na mizizi huyashika maji na kuyaachia pole pole, vijito visikauke upesi wakati wa kiangazi. Mto Ruvu, unaowapa maji hata watu wa Dar es Salaam, hupata maji yake mengi katika milima hii. Mteremko ukibaki uchi, udongo wa shamba lako huishia mtoni.

Basi, ndugu mkulima, fanya hivi:

Kwanza, usisafishe shamba kwa moto karibu na msitu. Moto ukishapanda mlima haurudi kwa kuitwa.

Pili, kwenye mteremko chimba makinga maji, na kingo zake uzipande mabingobingo. Ng'ombe na mbuzi nao watapata malisho.

Tatu, panda miti ya kuni shambani mwako. Msitu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008. Usiingie na shoka.

Nne, mti mzee wenye pango uache usimame. Huenda mna mtu amelala humo, akingoja giza liingie.

Hadi juma lijalo, kazi njema shambani.