Je, Wajua? Poti 22 Ilizaliwa na Wizi wa Nywila

Karani wa mnunuzi wa pamba aliyeko Malampaka, wilayani Maswa, anataka faili la mizani lililo kwenye seva ya ofisi jijini Mwanza. Kati yake na seva kuna minara, nyaya na mitambo ya watu asiowajua. Basi maswali ni mawili: nani anaweza kulisoma faili likiwa njiani, na nani mwingine anaweza kugonga mlango wa seva?

Njia kongwe ya kuhamisha faili ni FTP, iliyoandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa MIT, Marekani. Hutumia mlango, yaani poti, namba 21. Enzi hizo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache, watu wakijuana, kwa hiyo jina, nywila na faili vilisafiri wazi. Ni barua isiyo na bahasha iliyopandishwa treni stesheni ya Malampaka: reli hiyo iliyofika Mwanza mwaka 1928 itaifikisha, lakini kila aishikaye njiani ataisoma. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliitupa FTP mwaka 2021. Wapo wanaoing'ang'ania hadi leo, sijui kwa mapenzi gani.

Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ulikutwa umetegewa programu iliyokuwa ikinasa nywila zikipita. Zilikuwa maelfu. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akakaa akaandika SSH, inayofumba mazungumzo yote kwa hesabu za siri. Aliomba poti 22 kwa kuwa ilikuwa wazi, kati ya FTP na poti 23 ya Telnet, njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali, akapewa. Ndani ya njia hiyo ndimo inamopita SFTP, njia nyingine ya kuhamisha faili. Jina lisikudanganye; si FTP iliyovishwa koti.

Hata hivyo, poti 22 iliyo wazi hugongwa usiku na mchana na programu zinazobahatisha nywila. Fundi makini huzima nywila kabisa, akaacha jozi ya funguo: wa wazi kwenye seva, wa siri kwenye kompyuta ya karani, nao ukiwa na neno lake la kuufungulia. Kompyuta ikiibwa, mwizi bado ana kazi.

Makarani wengi hupenda zaidi folda ya pamoja, ile inayoonekana kama diski nyingine kwenye Windows. Hiyo ni SMB, poti 445. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kasoro ya toleo lake la zamani, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka mwezi Machi. Kwangu mimi, poti 445 haina ruhusa ya kuonekana kwenye intaneti hata siku moja. Ibaki ofisini, au ipite ndani ya VPN, yaani njia ya siri inayopita juu ya intaneti. WireGuard, mojawapo ya VPN hizo, haimjibu kabisa asiye na ufunguo, na mpekuzi huona kama hakuna kitu.

Ila SMB huulizana na seva mara nyingi mno, kwa hiyo kwenye mtandao dhaifu hukwama. SFTP huvumilia: intaneti ikikatika, amri ya reget huendelea kupakua faili pale lilipoishia, na reput huendelea kulipakia.