Sumaku, Joto na Dawa ya Saratani

Mgonjwa anapotiwa dawa kali ya saratani kwenye mshipa, dawa hiyo huzunguka mwili mzima. Hupiga uvimbe, lakini huumiza na sehemu zilizo nzima: nywele hunyonyoka, mgonjwa hutapika, kinywa hupata vidonda. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta njia ya kuiweka dawa mahali penye ugonjwa tu. Mwezi huu tutaeleza njia mojawapo inayotumia sumaku, ili pia tuwe macho na wanaouza sumaku kwa maneno matamu.

Jeli inayosinyaa

Jeli ni nyuzi nyembamba mno zilizofungamana kama wavu, na katikati yake kuna maji mengi. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba jeli huweza kusinyaa ghafla hali inapobadilika kidogo tu. Iko jeli moja, iitwayo kwa kifupi PNIPAM, ambayo ikiwa baridi hunywa maji na kuvimba. Joto likipita digrii 32 hivi, huyakamua maji hayo pamoja na dawa iliyomo, kama dodoki lililobanwa mkononi. Kwa kuwa mwili wetu una digrii 37, wataalamu huichanganya na kemikali inayopenda maji zaidi, ili isisinyae mpaka ifike digrii 40 au zaidi.

Chembe za chuma

Joto hilo latoka wapi? Ndani ya jeli hutiwa chembe za oksidi ya chuma, ndogo kiasi kwamba chembe 100,000 zikipangwa mstari mmoja hutimiza milimita moja. Wavu wa jeli huzishika. Mashine iliyo nje ya mwili hugeuzageuza nguvu ya sumaku zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde. Hata chembe iliyobanwa isiweze kuzunguka, sumaku iliyo ndani yake hugeuka, na katika kugeuka huko hutoa joto. Jeli hupata moto, husinyaa, dawa hutoka. Mashine ikizimwa, chembe hupoteza usumaku wake, nayo jeli hupoa na kunywa maji tena.

Je, bangili za sumaku zinatibu?

Hapana. Sumaku ya bangili imetulia, haigeuki, kwa hiyo haitoi joto hata kidogo. Anayekuambia kwamba itayeyusha uvimbe anakudanganya.

Tiba imefikia wapi?

Mwaka 2010 Ulaya iliruhusu tiba ya kampuni ya MagForce ya Berlin, Ujerumani, ambapo chembe za oksidi ya chuma zilidungwa ndani ya uvimbe wa ubongo na kupashwa moto, pamoja na tiba ya mionzi. Hizo zilikuwa ndani ya maji, si ndani ya jeli. Jeli yenyewe bado iko kwenye maabara na majaribio; si tiba ya kawaida katika hospitali yoyote.

Basi tusikae tukingoja. Ukiona uvimbe usioisha, kidonda kisichopona au damu isiyo ya kawaida, nenda hospitali mapema. Tiba zilizopo leo husaidia zaidi saratani inapogunduliwa ikiwa bado changa. Fedha ya bangili na iwe nauli ya kwenda kwa daktari.