Sauti ya mzunguko

Sauti ya mzunguko ni namna ya kurekodi, kuchanganya na kusikiliza sauti kwa kutumia spika kadhaa zilizopangwa mbele, pembeni na nyuma ya msikilizaji, ili sauti imfikie kutoka pande zote. Ni tofauti na mono, yenye njia moja ya sauti, na stereo, yenye njia mbili: ya kushoto na ya kulia. Mfumo huu ulianzia kwenye sinema, kisha ukaingia kwenye muziki. Albamu ya pop iliyotengenezwa hivyo huweza kumweka mwimbaji mkuu mbele, gitaa ubavuni na waitikiaji nyuma ya msikilizaji.

Jijini Dar es Salaam maandishi "5.1" huonekana kwenye maboksi ya sabufa nyingi zinazouzwa madukani. Hata hivyo wingi wa spika peke yake hauleti sauti ya mzunguko. Yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: wimbo uwe umechanganywa kwa njia nyingi, umfikie msikilizaji ukiwa bado na njia hizo, na kifaa chake kiweze kuzitenganisha na kupeleka kila moja kwenye spika yake.

## Maana ya namba

Katika "5.1", tarakimu 5 ni njia kamili za sauti: mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia. Tarakimu 1 baada ya nukta ni njia ya sauti nzito tu, kwa kawaida zisizozidi hezi 120, ambazo hupigwa na sabufa.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) umependekeza mpangilio wa spika hizo. Ya katikati hukaa mbele kabisa ya msikilizaji. Mbili za mbele hukaa nyuzi 30 kushoto na nyuzi 30 kulia kwake, na zile za nyuma takriban nyuzi 110 kila upande, yaani nyuma kidogo ya masikio. Spika tano zote zinatakiwa kuwa umbali ulio sawa na msikilizaji. Sabufa inaweza kukaa karibu popote, kwa sababu sikio hupata shida kutambua mahali sauti nzito sana inakotokea.

Mfumo wa 7.1 huongeza spika mbili. Dolby Atmos huongeza spika za juu, na badala ya kutegemea njia za spika tu huweza kuipa kila sauti anwani yake ndani ya chumba. Kifaa cha msikilizaji ndicho huamua spika zipi zitumike kuifikisha hapo.

## Historia

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya stereo mwaka 1931. Mwaka 1940 filamu ya *Fantasia* ya Walt Disney ilionyeshwa katika majumba machache ya sinema yaliyofungwa spika za ziada kuzunguka watazamaji.

Katika miaka ya 1970 kampuni za muziki zilijaribu kuuza santuri na kanda za njia nne. Jaribio hilo halikudumu: mifumo ilikuwa mingi isiyopatana, na mnunuzi alilazimika kununua vifaa vipya vya bei kubwa. Mwaka 1999 ilitokea diski ya SACD, na mwaka 2000 DVD-Audio. Zote mbili ziliweza kubeba njia sita za sauti kwa ubora unaopita wa CD. Albamu ya *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973, ilichanganywa upya kwa 5.1 na kutolewa kwenye SACD mwaka 2003.

Dolby Atmos ilianza kwenye sinema mwaka 2012. Juni 2021 Apple Music ilianza kuwapa wasikilizaji wake muziki wa Atmos kwa njia ya intaneti, na sasa sauti ya mzunguko huweza kufika hata kwenye simu na hedifoni.

## Ubora wa juu

Sauti ya mzunguko na sauti ya ubora wa juu ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi hutangazwa pamoja. La kwanza linahusu mahali sauti inakotokea. La pili linahusu usahihi wa kuihifadhi.

Katika kurekodi kwa kidijitali, wimbi la sauti hupimwa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Rekodi za ubora wa juu kwa kawaida hutumia biti 24 na sampuli 96,000 au zaidi. Hesabu ya wimbo wa dakika nne huwa kama ifuatavyo:

* MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde: takriban megabaiti 4
* Dolby Atmos ya intaneti, biti 768,000 kwa sekunde: megabaiti 23
* CD, stereo: megabaiti 42
* Njia sita za 5.1, biti 24, sampuli 96,000, bila kubanwa: megabaiti 415

Faili ya mwisho inaweza kubanwa bila kupoteza chochote, mara nyingi ikabaki karibu nusu. Hata hivyo bado ni mzigo kwa mtu anayenunua bando. Ndiyo sababu Atmos ya intaneti hubanwa kwa kupoteza baadhi ya taarifa: ni sauti ya mzunguko, lakini si ya ubora wa juu kwa maana kamili.

Je, sikio hutambua ubora huo? Binadamu husikia takriban kutoka hezi 20 hadi 20,000, na uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Sampuli 44,100 zinatosha kuhifadhi sauti hadi hezi 22,050. Jaribio la E. Brad Meyer na David Moran, lililochapishwa mwaka 2007, liliwakuta wasikilizaji wakishindwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na zilezile zilizoshushwa hadi kiwango cha CD. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya majaribio mengi akaona wasikilizaji walipatia kwa takriban asilimia 52, yaani juu kidogo ya kubahatisha. Kinyume chake, tofauti ya stereo na 5.1 iliyopangwa vizuri hutambuliwa na karibu kila mtu.

## Mfano: A Night at the Opera

Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alikuwa mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Albamu yao ya *A Night at the Opera* ilitolewa mwaka 1975 kwa stereo. Ilirekodiwa kwenye kanda za treki 24, yaani ala na sauti ziliwekwa kwenye mistari yake tofauti. Katika wimbo wa "Bohemian Rhapsody", Mercury, Brian May na Roger Taylor waliimba mara nyingi juu ya sauti zao wenyewe hadi watu watatu wakasikika kama kwaya kubwa.

Kwa kuwa kanda hizo zilitunzwa, mwaka 2002 iliwezekana kutoa albamu hiyo kwa 5.1 kwenye DVD-Audio, miaka 27 baada ya kurekodiwa. Sauti zilizokuwa zimebanana katika njia mbili zikapata nafasi ya kuenea kumzunguka msikilizaji.

## Nchini Tanzania

Muziki wa dansi wa Tanzania ulirekodiwa kwa sehemu kubwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park zilipiga zote kwa pamoja mbele ya maikrofoni, bila kila ala kupewa treki yake. Kanda hizo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Nyimbo zilitengenezwa kusikika vizuri kwenye redio yenye spika moja, na ndivyo wengi walivyozisikia.

Bongo Flava ilikua na studio zilizoweza kurekodi kila sauti peke yake. Albamu za Juma Nature wa Temeke, kama *Nini Chanzo* (2001) na *Ugali* (2003), zilitoka wakati wa kaseti. *A Boy from Tandale* (2018) ya Diamond Platnumz, aliyekulia Tandale, Kinondoni, ilitoka wakati wasikilizaji wengi wamehamia kwenye simu na intaneti.

Singeli, muziki wa kasi uliokulia katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, una mahitaji tofauti. Katika sherehe za mtaani spika hupangwa upande mmoja na watu hucheza wakizunguka. Sauti ya mzunguko humtaka msikilizaji atulie mahali pamoja. Mahali ambapo hakuna anayekaa, mono yenye nguvu hufaa zaidi.

## Kusikiliza nyumbani

Sabufa nyingi zenye spika ndogo tano hupokea muziki kwa flashi, bluetooth au waya mbili, mwekundu na mweupe. Njia hizo kwa kawaida huleta stereo, na kifaa hurudia sauti ileile kwenye spika za nyuma. Kabla ya kulipia "5.1", mnunuzi anaweza kuangalia mambo haya:

* Nyuma ya kifaa kuna matundu sita ya kuingizia sauti, au tundu la HDMI au la waya wa mwanga, na kimeandikwa kuwa kinafumbua Dolby Digital au DTS.
* Kikichezeshewa diski ya majaribio inayotaja jina la kila spika, kila jina hutoka kwenye spika moja tu.

Chumba nacho kina sehemu yake. Katika chumba cha kupanga chenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari, sauti hurudi kutoka kila upande na kufuta mahali inakotokea. Pazia zito, mkeka, kitanda na makochi hunyonya mwangwi huo bila gharama mpya. Mahali ambapo chumba ni kimoja na jirani yuko nyuma ya ukuta, hedifoni za kawaida zenye programu ya Atmos zinaweza kutoa sehemu ya athari hiyo kwa gharama ndogo.

## Uhifadhi wa treki

Albamu haiwezi kuchanganywa upya kwa njia sita ikiwa kilichobaki ni stereo iliyokamilika tu. Diski ya kompyuta ya studio ikiharibika bila nakala, treki hupotea hata kama wimbo bado unapigwa kila siku redioni.

Programu za kompyuta sasa zinaweza kutenganisha sauti zilizokwisha kuchanganywa. Albamu ya *Revolver* ya The Beatles ya mwaka 1966, iliyorekodiwa kwa treki nne tu, ilichanganywa upya kwa njia hiyo mwaka 2022, pamoja na toleo la Dolby Atmos. Mbinu hiyo inafungua mlango hata kwa kanda za RTD. Lakini programu hukisia mipaka ya kila ala, na mara nyingine huacha mabaki ya ala moja ndani ya nyingine. Pia huhitaji kanda yenyewe iwe bado inasomeka. Kwa msanii na studio, nakala mbili za treki zilizowekwa mahali pawili tofauti ni kinga ya uhakika kuliko programu yoyote.

## Tazama pia

* Bongo Flava
* Muziki wa dansi
* Singeli
* Stereo